Usiliuze Gari Letu kwa Sababu ya Panya

Mume wangu mpendwa,

Nilipokupigia simu jana ulikuwa umeketi jikoni kwa mama yako huko Sigor. Nikawasikia dada zako wakicheka kando yako, na wewe ukanijibu kama mtu anayeongea na karani wa benki. "Ndiyo. Sawa. Umekula?" Nimekula, mpenzi. Lakini sikupiga kuongea juu ya chakula. Kwa hiyo naandika, na naandika wazi kabisa, kwa sababu najua dada zako wataisoma barua hii kabla haijafika mikononi mwako. Waisome tu. Wajue jinsi kaka yao anavyopendwa.

Siwezi kutulia tangu uondoke. Nafagia mahali nilipokwisha kufagia. Nachemsha chai, naisahau mpaka inapoa, naichemsha tena. Mvua ya hapa Kedowa nayo inaanza, inaacha, inaanza, na kila tone likigonga paa la gari nadhani ni wewe unabisha kwa kidole, vile unavyobisha mlango wako mwenyewe kama mgeni.

Unakumbuka siku ulipolileta gari? Harusi yetu ilikuwa bado inanukia nguoni. Basi dogo kuukuu lililokuwa likibeba watoto wa shule, rangi ya njano ikichungulia chini ya ile nyeupe uliyopaka mwenyewe. Ulikuwa umeng'oa viti vyote ukaweka kitanda, sinki, meko ya gesi, na sanduku la spana chini ya kitanda. Ukaniambia, "Mashine za kukamua ng'ombe haziharibiki mahali pamoja. Nikikuacha nyumbani nitakuwa nakuona Jumapili tu. Na hii tutazunguka wawili." Mimi mtoto wa kambi ya chai, niliyelala chumba kimoja na ndugu zangu wote, nikajiona nimepewa jumba lenye magurudumu. Ulipofungua dirisha la nyuma nikaona chai, kijani mpaka macho yanapoishia, nikakukumbatia hadi ukakohoa.

Hatukujua kwamba wengine pia wangelipenda jumba letu.

Walianza nzi, wakaja sisimizi kwenye sukari. Tukajifunza pamoja: sukari ikae kwenye kopo, vyombo vioshwe kabla ya kulala, tusiegeshe chini ya mti ambao matawi yake yanagusa paa. Kisha mvua zikaanza tukiwa upande wa Bomet, na kumbikumbi wakatoka ardhini jioni ile kama moshi. Mtu mwingine angefunga madirisha. Mimi, mtoto wa Wamaragoli, niliwasha taa nyeupe ndani ya gari, nikafungua mlango wote, nikaweka beseni la maji chini ya taa. Wewe ukasimama nje, mikono kiunoni.

"Watu wanazuia wadudu. Bibi yangu anawawashia stima."

"Ngoja nikaange, utaongea vizuri."

"Mimi sili kitu inaruka."

Ulikula, mume wangu. Ulianza na mmoja, ukasema unaonja chumvi tu. Nilipogeuka nikakuta unakwangua sufuria. Baadaye tukawa tunatoa mbawa kwenye shuka, kwenye viatu vyako, hata katikati ya Biblia, na kila ukipata moja unanionyesha bila kusema kitu, umekunja uso kama mwalimu wa zamu, mpaka nacheka.

Halafu siafu. Hapo najua ndipo ulipoanza kunielewa vibaya, kwa hiyo nisikilize. Ilikuwa mchana, pale shamba la chai njia ya kwenda Kericho. Walipanda kwa ngazi ya mlango wakakukuta umelala. Ulitoka mbio, ukavua suruali katikati ya michai, ukawa unaruka, na wale akina mama wachuma chai wakasimamisha kazi. Mmoja akakuita, "Kijana, hiyo ngoma ni ya wapi?" Nilikuwa nakutoa siafu mgongoni mmoja mmoja huku machozi yakinitiririka. Ukanipangusa uso kwa kiganja. Siku hiyo yote hukuongea tena.

Wiki iliyopita mama akaja kutuona hapa Kedowa, amebeba kibuyu cha mursik, yale maziwa yenu ya kugandisha. Nilifurahi mpaka nikamwaga maziwa ya chai. Akaketi kitandani petu, akachukua kikombe, na panya akatoka nyuma ya sinki akapita juu ya miguu yake. Hata hakukimbia, panya yule. Alitembea kama mpangaji aliyelipa kodi. Mama hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini polepole, akakuuliza, "Huyu bibi ulimtoa kwao umlete akae na panya?" Ukatazama sakafu. Jumatatu ukaenda Sigor, ukasema unaenda kuona mahali pa kujenga.

Sasa nikueleze ya leo. Niliamua kwamba panya huyo ameingia mara ya mwisho. Nilifunga mapazia yote mchana, nikaketi gizani, nikatazama mwanga unapopenya. Mpenzi, gari letu lina nyota. Pale bomba la sinki linapotokea, pale ulipopitisha waya wa betri, chini ya raba ya mlango, kwenye misumari ya viti vya zamani. Lakini nikitoka nje siyaoni tena matundu. Nikazunguka, nikaingia, nikatoka, nikakasirika. Mwishowe nikachomoa njiti za ufagio, nikazichomeka kutoka ndani, kila tundu na njiti yake, ili nikitoka nizione.

Nilikuwa bado ndani gizani niliposikia mtu nje.

"Chamgei, shemeji. Hii gari imeota nywele?"

Ni Wesley, mdogo wako. Nikaitikia salamu yake kwa lugha yenu, "Chamge mising. Hizo ni matundu natafuta."

"Matundu mob hivyo, yote haya? Basi kaka apunguze bei."

Nikafungua mlango. "Bei gani?"

Akashtuka. Akatazama tairi, akaipiga teke. "Kwani hajakuambia? Amenituma niangalie kama itabeba kabeji."

Kabeji. Nilitazama kitanda chetu nikaona kabeji zimelala pale zimepangana. Nilimpa waya wa kusugulia sufuria na chupa ya silikoni, nikamwambia asimame nje, akiona njiti inatikisika ashindilie waya hapo na kupaka. Nikarudi gizani kwa sababu sikutaka anione uso.

"Shemeji, mimi nanunua gari ama nalitengeneza?"

"Shindilia."

Tulifanya hivyo gari zima, yeye nje akinung'unika, mimi ndani nikitikisa njiti. Mvua ilipokuja akaingia, nikampa chai. Alitazama huku na huku akitafuta hata nzi mmoja. "Nyumba yangu haijafungika hivi," akasema. Kisha, bila kunitazama, "Kaka alisema umechoka. Anasema hulalamiki, lakini siku ya siafu ulilia. Ndiyo maana anauza. Yeye mwenyewe hataki."

Kumbe ni hivyo. Unauza kitu unachokipenda kwa sababu ya machozi yangu, na hukuniuliza ni machozi gani.

Nilikuwa nacheka, mume wangu. Nilicheka mpaka nikalia, na nilipoanza kulia kweli ilikuwa kwa sababu nilikuona ukiwa na mgongo mwekundu, huna suruali, unawasalimia wale akina mama kwa heshima zote, nikafikiri, huyu ndiye niliyepewa, na sitampata mwingine hata nikizunguka dunia. Ningekuambia siku ile ile, lakini ulikuwa umenyamaza nikadhani ni aibu.

Sijachoka. Nyumba ya Sigor tutajenga, mama asiwe na wasiwasi, na nitakaa ndani yake nikiwa na watoto wako. Lakini mwaka huu nataka kuamka leo Kedowa, kesho mahali sijui jina lake, nikusikie ukitafuta spana chini yangu huku unaimba vibaya. Ukiniacha kwenye nyumba ya mawe uende peke yako, hapo ndipo utaona machozi ya kuchoka.

Namrudisha Wesley bila gari. Amekubali kabeji zake zitafute basi lingine, na barua hii ataibeba mfukoni. Mwambie mama akija tena aketi mahali pale pale.

Jambo la mwisho. Mzee mmoja wa Bomet amepiga ile simu yako ya kazi uliyoniachia. Mashine yake ya kukamua imekufa na ng'ombe wanalia zizini. Nimemwambia fundi na bibi yake watafika Jumatatu asubuhi, na gari lao. Mimi sijui kuendesha. Jua mwenyewe utafanyaje.

Nakubusu kila mahali siafu walipokuuma,

Mke wako