Nebukadneza Kwenye Klova Yangu

Jumamosi, 10 Agosti

Hujambo, daftari. Habari za tangu Pasaka? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila goti la kushoto linatabiri mvua ambayo hainyeshi. Merle naye hajambo, moyo unadunda, anakula kila alichokatazwa. Wewe nimekukuta chini ya kopo la misumari, kwa hiyo hali yako naijua. Unisamehe.

Nimerudi kwako kwa sababu leo nimekubali jambo la kijinga, na Merle, mume wangu, keshalisikia mara nne, amechoka.

Shemeji Royce alikuja na kahawa yake mwenyewe. Yangu anasema ni maji ya kuoshea soksi. Akatandaza ramani mezani, juu ya maharagwe niliyokuwa nachambua. Shamba hili baba yao aliwaachia wote wawili, yeye na Merle, ekari mia na sitini. Royce anauza bima mjini, lakini akivuka geti letu tu anakuwa profesa wa kulungu. Leo kasema ng'ombe wangu waondoke kabla ya baridi. Wote kumi na tisa. Eti wananuka, wanakanyaga, wanayafukuza madume makubwa. Shamba liwe la kulungu watupu na vishamba vya kuwalisha, kama anavyoona kwenye televisheni, ili aje na rafiki zake kutafuta pembe za kutundika ukutani.

Ng'ombe hawa ni wajukuu na vitukuu wa mitamba miwili aliyonipa baba yangu siku ya harusi. Nikamwambia, Royce, wewe siku ile ulinipa mashine ya kubanika mkate, na iliungua kabla hatujarudi kutoka fungate.

Akacheka. Merle akacheka. Nikaona wamelegea, nikaingiza hoja. Ng'ombe ndiye mpishi wa kulungu. Nyasi iliyokomaa kulungu haitaki, ni kama kumpa mtu mzima ufagio ale. Ng'ombe akiishusha, klova, ile yenye majani matatumatatu, iliyojificha chini inapata jua, inachipua laini, na samadi juu yake bila kuomba.

Royce akasema, shemeji, hiyo ni sayansi ya wapi? Nikasema ya macho.

Basi tumepatana hivi. Kijito ndicho mpaka. Magharibi kwake: hakuna ng'ombe, apande anachotaka. Mashariki kwangu: ng'ombe wachungwe kwa zamu, watoke mwisho wa Septemba. Upande utakaoliangusha lile dume kubwa katika siku mbili za kwanza za msimu wa kuwinda kwa bunduki, mwenye upande huo ndiye mwenye neno juu ya shamba lote. Hakuna kuvuka kijito na bunduki ila kwa kualikwa.

"Na lisipoanguka kokote?" nikauliza.

"Ng'ombe wanaondoka," akasema Royce, upesi kama mtu anayejibu simu.

Merle akatikisa kichwa kukubali. Kinywa kilikuwa kimejaa keki. Tukapeana mikono.

Jumapili, 11 Agosti

Dume lenyewe. Ncha kumi na mbili, shingo kama pipa. Tunalijua mwaka wa nne sasa, kwa picha za kamera tulizofunga mitini. Royce analiita Trela. Mimi namwita Nebukadneza, kwa sababu ya Danieli sura ya nne: mfalme aliondolewa kati ya wanadamu akala majani kama ng'ombe. Nimemweleza Mchungaji Gaylord baada ya ibada. Akasema Maandiko hayakuandikwa kwa ajili hiyo. Nikasema yameandikwa, Mchungaji, na mimi nimesoma.

Jumanne, 20 Agosti

Nimegawa upande wangu mafungu matatu kwa waya wa umeme. Ng'ombe siku nne hapa, siku nne pale. Wanakula, wanakanyaga magugu, wanasonga mbele. Nyuma yao pamebaki kama kichwa kilichonyolewa na kinyozi mwenye haraka. Royce kapita na trekta la kukodi, akasimama ng'ambo ya kijito. Akapiga kelele kuniuliza kama kulungu wangu watakula vumbi na chumvi au vumbi tupu.

Yeye kaua kila jani kwa dawa, kalima, kamwaga mbegu za figili na ngano. Kumenyooka, kweusi, kuzuri. Nilitaka kukuambia ni kubaya. Siwezi.

Jezebeli amevuka waya mara mbili. Mchungaji aliwahi kuniuliza kwa nini nawaita ng'ombe majina ya wanawake wabaya wa Biblia — Jezebeli, Delila, Mke wa Lutu. Kwa sababu wale wema hawavunji uzio. Mke wa Lutu kweli kila akihamishwa anageuka kutazama alikotoka.

Alhamisi, 5 Septemba

Leo kidogo nimwue Jezebeli kwa mikono yangu, na si kwa hasira.

Nilichelewa kuwahamisha. Wakalala na njaa. Asubuhi nikawafungulia klova mbichi, ina umande — kosa ambalo baba yangu angenipigia mwanzi. Nilijua. Nilikuwa na haraka ya mazoezi ya kwaya, mimi ndiye mpiga piano. Saa tatu Jezebeli kavimba ubavu wa kushoto, ngozi imekaza kama ngoma, ulimi nje. Gesi ya klova. Nusu saa na mnyama amekufa.

Daktari wa mifugo yuko wilaya nyingine. Nikamwita Merle, aje na mpira wa bustani na mafuta ya kupikia. Akaja na debe la mafuta la kanisa, lile la kukaangia samaki wa Ijumaa. Nikasema Bwana anaona. Nikamimina kooni kwa mpira, mafuta yavunje povu la gesi.

Na nani akatokea? Royce, shati jeupe, ametoka kwa wateja. Nikajua atacheka. Hakucheka. Akavua saa, akashika kamba, akamvuta Jezebeli kichwa juu kwenye mteremko huku akimsugua ubavu, akimwambia maneno nisiyoandika hapa. Robo saa. Kisha Jezebeli akabeua. Usoni kwa Royce, moja kwa moja, samaki na klova na kila kitu.

Nikasema amina.

Royce akajifuta kwa tai. Akasema, shemeji, huyu akienda mnadani namsindikiza mwenyewe na maua. Nikampa shati la Merle, halimfungi tumboni. Sikumwambia asante vya kutosha. Nakuambia wewe.

Ijumaa, 27 Septemba

Ng'ombe wametoka, wote wamehamia malisho ya nyuma ya ghala. Samaki wa kanisa waliokwa badala ya kukaangwa. Niliwaambia akina mama ni kwa afya zetu. Hilo pia ni kweli.

Mvua hakuna, wiki ya tano. Figili za Royce zimeota, zikanyauka, sasa kunaota magugu tu, yale ya miiba. Klova yangu ina mizizi ya miaka, imechipua urefu wa vidole vitatu, kijani mpaka unaona aibu. Jioni kulungu majike kumi na moja, vichwa chini kama waumini.

Merle kasema nisijisifu. Sijisifu. Nahesabu.

Jumatano, 16 Oktoba

Mambo mawili, yote mabaya.

La kwanza. Mialoni imeanza kudondosha mbegu, na kulungu akionja mbegu ya mwaloni anasahau klova, anasahau na mama yake. Mialoni yote mikubwa iko magharibi. Hakuipanda Royce, kaipanda Mungu, lakini Royce anatembea kama aliyepewa cheo. Kamera yangu wiki nzima: sungura, na matako ya Merle akienda kubadilisha betri.

La pili nimeligundua leo, nikitazama kalenda ya kanisa. Siku mbili za kwanza za msimu ni Jumamosi na Jumapili.

Daftari, wewe unajua, lakini naandika tena. Miaka miwili iliyopita, Merle akiwa amefunguliwa kifua, nilisimama kwenye korido ya hospitali nikasema kwa sauti: Bwana, nirudishie huyu mtu, na mimi Jumapili sitagusa bunduki mpaka unichukue. Akanirudishia. Merle mwenyewe hawezi kupiga bunduki tena. Ni mtu wa mkono wa kushoto, na kile chombo cha kuusukuma moyo kiko palepale kitako cha bunduki kinapogonga. Kwa hiyo siku zangu si mbili. Ni moja.

Na kwenye korido ile Royce alikuwepo. Alinishikia mkoba.

Nimempigia simu. Nimemwuliza kama alijua alipokuwa ananipa mkono. Akasema, "Shemeji, msimu hufunguliwa Jumamosi tangu hatujazaliwa. Na Jumapili huifuata."

Nimekata. Nimepiga piano kwa saa nzima, nyimbo za hukumu tu.

Jumatatu, 4 Novemba

Amerudi! Kamera ya kona ya mashariki, saa kumi na moja kasoro jioni, mchana kweupe. Nebukadneza, shingo imevimba, pua juu, nyuma ya majike yangu. Mbegu za mwaloni zimepungua, majike yamerudi kwenye klova, na wakati huu wa mwaka dume halifuati tumbo, linafuata majike. Merle kasema hata yeye aliwahi kuacha mlo mmoja kwa ajili yangu. Nimemwuliza ni upi. Bado anajaribu kukumbuka.

Jumamosi, 16 Novemba

Siku yangu imekwisha.

Nilipanda kichanja changu mtini kabla ya mwanga. Fulana ya rangi ya chungwa, chupa ya kahawa, Zaburi. Majike saba. Kidume kidogo chenye pembe kama vijiti vya meno. Kindi aliyenitukana saa mbili mfululizo. Saa nane nilisinzia, nikaamshwa na mkoromo wangu mwenyewe. Nebukadneza hakuonekana. Jua likazama na goti langu nalo.

Royce, anayelala kwetu wikiendi hii, kaona paka mmoja. Katika chakula cha jioni kajaza sahani mara mbili, kisha akaniuliza kama kesho nitawapigia ng'ombe wimbo wa kuagana.

Merle kaweka uma chini. "Royce, funga mdomo au ukalale kwenye gari."

Royce akainuka akaosha vyombo. Vyote, na sufuria. Alipokuwa anafuta mikono kasema hakuna ubaya, shemeji, kupatana ni kupatana. Alisema akitazama sinki.

Nimekwenda kwa ng'ombe na tochi. Nimewaita mmoja mmoja. Mke wa Lutu ndiye pekee aliyegeuka.

Jumapili, 17 Novemba, saa mbili na robo asubuhi

Naandika haraka, mguu mmoja una kiatu cha kanisani, mwingine buti.

Nilikuwa namwaga maji ya kahawa dirishani. Nikaona Jezebeli kavunja uzio tena, yuko katikati ya klova, amelala anacheua. Na pembeni yake, hatua kumi labda, nikadhani ni matawi makavu. Matawi yakasogea.

Ni yeye. Nebukadneza, na jike moja. Anakula majani pamoja na ng'ombe. Danieli sura ya nne, neno kwa neno, na mimi nina bunduki ukutani, na ni Jumapili.

Merle kaniambia kwa upole, Ardith, Mungu ataelewa. Nikasema najua ataelewa, ndiyo shida yenyewe, anaelewa kila kitu. Nimeiangalia ile bunduki mpaka kahawa ikapoa. Sikuigusa. Ningeigusa ningelazimika kumtazama Merle kila asubuhi na kujiuliza.

Halafu nikawaza. Patano linasema upande utakaoliangusha. Halikusema mkono wa nani. Na bunduki niliiapia. Simu sikuiapia.

Nimemwandikia Royce, yuko kwenye kichanja chake ng'ambo: *Yuko kwangu, kwenye klova, karibu na Jezebeli. Nakualika uvuke. Jibu upesi, saa tatu na nusu naondoka kwenda kanisani.*

Merle kasoma akaketi chini. Kasema, mke wangu, wewe ni Delila. Nikasema Delila alikata nywele, mimi natoa pembe.

Kwa sababu Royce ameliota dume hili miaka minne. Nafasi imewekwa wazi ukutani kwake, juu ya televisheni, nimeiona. Akivuka akapiga, pembe ni zake na ng'ombe wanabaki. Asipovuka, ameshinda, na ukuta wake ni mtupu. Sijui kama ni dhambi kumpa mtu anachokitaka. Nitauliza baadaye.

Hajajibu.

Saa mbili na nusu. Merle yuko dirishani na darubini.

"Kashuka mtini."

"Anafanya nini?"

"Yuko ukingoni mwa kijito. Kasimama."

"Anafanya nini, Merle?"

"Nadhani anafikiri. Sijawahi kumwona akifanya hivyo, sina hakika."

Nimemnyang'anya darubini. Royce ameingiza buti moja majini. Bunduki inaning'inia begani bado. Hatazami dume. Anatazama nyumba, dirisha hili hasa, na nina hakika ananiona. Jezebeli amesimama sasa, kajiweka katikati ya Royce na dume, ubavu mzima, kama aliyelipwa. Nebukadneza hajainua kichwa. Anakula tu.

Merle kachukua tena darubini. Anasema buti la pili limenyanyuka, lakini ukungu wa kijito umepanda na haoni kama linakuja au linarudi.

Simu iko hapa mezani, kimya. Royce, shemeji yangu, nijibu mapema.