Nani Anabaki na Watoto Mchana

Mjukuu wangu Ilunga,

Hapa Lubumbashi tunaamka salama; goti la mama yako limepona. Ramani ya mji wetu uliyoichora nimeiona kwenye simu. Unauliza kwa nini alama za watoto walioumizwa zimejaa nyuma ya reli, kana kwamba watu wabaya wanazaliwa huko tu.

Mimi nilikulia huko. Kazi ya baba zetu ilipoisha, mama zetu walianza kulima mbali, wakirudi jioni. Siku moja rafiki yangu Numbi alirudi kutoka kuteka maji mtoni akilia, nguo imechanika. Mwanaume alimkamata kwenye majani marefu, lakini Numbi akaponyoka. Majirani wakamlaumu mama yake: "Hakufundisha mutoto wake!"

Nyanya yangu, tuliyemwita Kambo Ngoie, akasimama.

"Robine ya maji ya hapa ilikufa, nani alitengeneza? Mama yake iko mu shamba juu batoto bakule. Muchana, nani anabakiaka nabo?"

Kesho yake Kambo alikwenda kukaa kwenye njia ya mtoni, na mtwangio mkononi. Wanawake wakapokezana naye, wakafyeka majani. Hatukusikia tena kuwa mtoto amekamatwa pale, ingawa Numbi hakurudi kucheka kama zamani kwa muda mrefu.

Sikujua neno la kuiita hali hiyo ya watoto kukosa mtu wa kubaki nao, nawe pengine unalo. Numbi bado anaishi kule kule. Kila mchana anaacha mlango wazi, na watoto wa majirani wanakula na kulala kwake mpaka mama zao warudi. Ukija kuuliza, anza kwake.

Mungu akulinde,
Kambo wako