Ndakala za Safari ya Bruges

Kalemie

Zuhura mwanangu,

Barua yako imefika. Maji ya ziwa yaliyoingia nyumbani yamerudi nyuma, jikoni kumekauka.

Unauliza kama bado nitakuja huko Ubeleji, tupande treni asubuhi, tuone ule muji wa zamani wa Bruges, turudi jioni. Sijui. Eda yangu haijaisha.

Papa yako alianza kuanika ndakala, vile visamaki vya ziwa, za kula njiani siku ileile ulipotualika. Nilimuambia ni mwendo wa saa moja tu. Akacheka: "Mama Zuhura, miye njo mutu wa reli. Treni inaweza kulala porini."

Tangu tumuzike, kila asubuhi ninazitoa nje juani, jioni ninaziingiza. Zilikauka zamani.

Mama yako,
Adija