Kufagia Mizimu

Ijumaa usiku

Basi nilipomwambia jirani yangu Mama Salome kwamba Neema wangu kule Dodoma anashughulika na mizimu ya kwenye kompyuta, akacheka. "Kumbe ulisomesha mganga, Mama Neema?" Nimekasirika mpaka sasa.

Neema mwenyewe alinieleza kwenye simu. Kompyuta kubwa inayotunza taarifa za ofisi yao ilikuwa inakwama, na humo ndani wakaona kazi ambayo hakuna aliyeiagiza, jina lake la Kiingereza maana yake kufagia mizimu. Wenzake wakahangaika kutafuta nani kaianzisha. Mwanangu akawaambia hilo jina ni la mashine yenyewe, inaondoa mabaki ya taarifa zilizokwisha kufutwa, waiache, watafute kwingine. Kumbe mwenzao mmoja alifungua kazi yake akaenda kula bila kuifunga, ikazuia za wengine wote. Nani mwingine Kihonda hii ana mtoto wa hivyo?

Alisema tatizo likiisha atakuja kesho. Nikaagiza ndizi kutoka Kinole, nikaanika godoro lake.

Jioni akapiga. "Shikamoo mama. Limeisha, ila bosi kaona naweza, kanipa na mashine ya tawi jingine. Kesho sitakuja."

"Marahaba. Kazi kwanza, mwanangu," nikamjibu, tena kwa sauti ya kujidai, maana Mama Salome alikuwa anasikiliza.

"Kweli, mama?" akauliza, kisha akaniaga.

Sasa nawaza nilimruhusu haraka mno. Labda alikuwa anangoja nimwambie njoo.