Kihispania cha Sista Pilar

Mkonze, Dodoma

Kaka Elisha,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za hapo Bahi, na mguu wako unaendeleaje? Wifi naye hajambo, na mpunga umekubali mwaka huu? Sisi huku tu wazima, Mungu anatusitiri.

Kaka, Pasaka uliponikalisha mbele ya wifi ukataka niache darasa la Kihispania, ulisema mengi. Kwamba mwanamke wa miaka hamsini na mbili, aliyeishia darasa la saba, anatafuta nini kwa watu wenye digrii. Kwamba kigangoni wanauliza kama nataka kuolewa na Mzungu.  Leo nakujibu, kwa heshima.

Sista Pilar unamjua, ndiye aliyenipa kazi ya jikoni hapa kwa masista. Tangu apatwe na kiharusi, Kiswahili chote kimemtoka, kimebaki cha kwao. Wenzake ni watoto wa Iringa na Mpwapwa, Kihispania watakijulia wapi? Wakasema anaweweseka, tumvumilie. Mimi nikasema moyoni, mtu haweweseki maneno yale yale kila asubuhi.

Ndipo nikaenda kwa Mwalimu Castory, anayefundisha jioni kwenye ukumbi wa parokia. Siku ya kwanza Masudi, bwana mmoja wa ofisini, aliniuliza kama nimeleta chai. Nikamjibu chai akanywe kwa mkewe, mimi nimeleta daftari.

Mwalimu hataki mtu akimbilie kamusi. Habari tunaisoma mara tatu: kwanza kichwa na picha, halafu tunapigia mstari maneno tunayoyajua, mwisho tunatazama majirani wa lile neno gumu wanasemaje. Kaka, mbona jumuiyani Injili tunaisoma hivyo hivyo, tunairudia mpaka ifunguke?

Mwezi jana tulipewa habari ya mbuzi. Masudi akaficha simu chini ya meza, akatafsiri neno moja moja, akasimama kutangaza kwamba mbuzi amekunywa watoto wawili. Watu walicheka! Mimi nilijua maneno sita tu, lakini mbuzi nawajua. Nikasema amezaa pacha, mmoja amekataa kunyonya. Mwalimu akasema ndivyo. Masudi akaja kunipa mkono, akaniuliza kama nafundisha tuisheni.

Kesho yake nikakaa kando ya kitanda cha Sista nikafanya vilevile. Nikayashika maneno mawili niliyoyajua, dirisha na tafadhali, nikafuata macho yake yanakoelekea. Kaka, miezi saba alikuwa akiomba tumfungulie dirisha, na sisi tunamwongezea blanketi! Nikalifungua. Akalia, nami nikalia.

Sasa lililonikalisha kuandika. Ile Juni nilikupigia simu nikasema darasa nimeacha. Sikuacha hata siku moja. Nilikudanganya, wewe uliyenilea baba alipofariki. Nimeungama, na padri amenipa malipizi nikuambie mwenyewe, kwa mkono wangu. Uongo nimeutubu, na ninakuomba msamaha. Darasa sijalitubu, wala sitalitubu. Januari tunaanza hatua ya pili, na jina langu nimeshaliandikisha.

Ukinikasirikia, nitavumilia. Ila usiniambie tena niache, maana Sista bado ana mengi ya kusema.

Msalimie sana wifi na watoto wote. Naomba unijibu mapema.

Mdogo wako,
Edina