Kilo Tisa za Fundi Saa

Baba Pacha na wanangu,

Maharage yako jikoni, yapasheni tu. Mafuta nimeshatia kijiko kimoja, asiongeze mtu. Soda hakuna, msihangaike kufungua makabati.

Baba Pacha, haya yanayofuata ni yako. Asubuhi nimepanda mizani ikanipa themanini na moja. Nikafurahi weee, halafu sketi ya kazini ikagoma kufunga zipu. Nikaweka juu ya mizani ule mfuko wa unga wa kilo kumi ambao hatujaufungua. Ikasoma tisa. Kuinama niikague mizani, chini ya sinki nakuta bisibisi yako ndogo ya kufungulia saa.

Najua ulinionea huruma, maana uliniona nikilia siku ile nilipoacha mazoezi. Lakini wiki tatu hizi nimepanda ngazi za ofisini hadi ghorofa ya nne huku nikijisifu, na juzi nikajipongeza kwa keki. Kipande kikubwa, mume wangu! Kwa ajili ya kilo ulizopunguza wewe.

Nimechoka kuanza upya. Leo naanza upya.

Mizani uirudishe ilivyokuwa kabla sijafika. ~~Msinisubiri, kuleni.~~ Nisubirini. Tena wewe funga kibanda chako cha saa mapema, unipitie kazini turudi kwa miguu, pole pole. Ukitaka kunipunguza, nipunguze hivyo.

Mama Pacha,
kilo tisini za kweli