Kisu cha Watu wa Theluji

Shangazi yangu Kiden,

Nimeolewa! Nilitaka kwanza nikuamkie kwa adabu, kisha nikueleze mambo polepole, lakini neno hilo limeniponyoka. Leo ni wiki ya tatu. Anaitwa Taban, ni fundi wa jenereta. Mikono yake inanuka dizeli hata akinawa mara tatu, na mimi nimeipenda harufu hiyo mpaka nikipita karibu na jenereta yoyote hapa Juba moyo unaruka. Usinicheke. Tunaishi Gurei, chumba kimoja na tukul, kibanda cha kupikia. Asubuhi akiondoka hunipungia mkono mpaka kona, halafu hurudi kama mtu aliyesahau kitu. Hajasahau kitu, Shangazi. Anarudi tu.

Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha Kitale kwa sababu ndicho ulichonilea nacho, na kwa sababu jambo lenyewe lilianzia kule, kwenye kitanda chako cha hospitali. Uliniwekea kile kisu mkononi ukasema, "Poni, hiki ni cha atakayekuoa. Usimpe mwingine." Siku mbili baadaye ukaondoka duniani. Nilikuwa kidato cha tatu, na kuolewa kulikuwa mbali kama mwezi. Sikujua neno lako litakuja kuitikisa harusi yangu.

Amani ya nchi yetu iliposainiwa nilirudi Juba, Baba mdogo akanipokea kwake Hai Malakal. Unamjua ndugu yako. Alinipokea kama binti yake wa kumzaa, lakini nilipomweleza habari ya kisu, wiki moja kabla ya harusi, alitikisa kichwa. "Malesh, pole mwanangu. Sisi hatumpi mkwe kisu. Kisu hukata. Kiden alilijua hilo vizuri."

Basi nikabaki kati yenu wawili. Wewe ulikuwa umeniachia neno la mwisho. Yeye ndiye aliyesimama mahali pa marehemu Baba, na bila mkono wake hakuna wa kunitoa. Nilikitazama kile kisu nikalia. Kifupi, kinajaa kiganja tu. Mpini wa mti wenye mawimbi ya rangi ya chai ya maziwa. Ala ya ngozi yenye kamba na kishikizo. Na kwenye ubapa, ile picha ya mtu aliyeinama mbele, fimbo mbili mikononi, miguu juu ya mbao mbili ndefu.

Unakumbuka tulivyobishana juu ya mtu huyo? Ulikuwa unamenya viazi, ganda jembamba bila kukatika, na ulinieleza tena kwamba yule nesi wa Norwei uliyempikia kwenye hospitali ya misheni alikupa kisu hicho siku vita vilipomfukuza. Kwamba kwao watu huvaa mbao miguuni wakateleza juu ya theluji. Nikakwambia, "Shangazi, huyo ni mvuvi kwenye mtumbwi, na hiyo ni mikuki yake. Nesi wako alikudanganya." Ukanitazama tu. "Haya, ni mvuvi. Leta sufuria."

Nisamehe. Ulikuwa unasema kweli, na nimeisikia kwa mwenyeji wa nchi hiyo.

Taban hutengeneza jenereta kwenye kambi ya wachimba visima, na huko yuko khawaja, mzungu mmoja mzee wa Norwei. Siku chache kabla ya harusi tulimpelekea kisu. Alikishika, akakigeuza, kisha akacheka kama mtu aliyekutana sokoni na mwanafunzi mwenzake. Baba yake alikuwa na cha namna hiyo hiyo! Akatuketisha. Alituambia kwamba zamani kila bonde kwao lilikuwa na mhunzi wake, na mkulima au mwindaji hakutoka nyumbani bila kisu kiunoni, kwa sababu majira ya baridi njia zote hufunikwa na theluji, na mtu husafiri kwa zile mbao. Baadaye, treni zilipoanza kuwapeleka watu wa mijini milimani wakati wa Pasaka, viwanda vikatengeneza visu vidogo kwa ajili yao, vyenye picha ya mtu anayeteleza. Wengine walivinunua kwa urembo tu.

Lakini kazi ilikuwepo. Taban aliuliza kila kitu kama anavyouliza habari za injini. Kishikizo ni cha nini? Ili mtu akianguka thelujini kisu kisichomoke kikamchoma, au kikapotea. Kipande hiki cha shaba kati ya mpini na makali? Mkono uliokufa ganzi usiteleze. Na kisu chenyewe? Kukwangua nta inayopakwa chini ya mbao ili ziteleze, kumenya machungwa ya Pasaka, kuchonga vijiti vya moto. Na zaidi ya yote, kamba ya kufungia mguu kwenye ubao ikikatika mbali na nyumba, kukata nyingine na kutoboa tundu jipya. "Bila hicho unalala mlimani," mzee akasema. "Na ukilala huko, huamki."

Hapo nilikukumbuka, wewe na viazi vyako.

Sasa nikuungamie. Siku mbili kabla ya harusi nilikifunga kisu ndani ya kitenge nikakitia kwenye mfuko wa Taban, kimya kimya. Nilijiambia nimetii neno lako, na asiyejua haumii. Kesho yake asubuhi nikamwona mchumba wangu akiingia uani kwa Baba mdogo, shati limepigwa pasi, kisu mikononi! Wanawake waliokuwa wakichagua mchele wakapiga kelele. "Bwana harusi, umekuja kumchinja nani?" "Ng'ombe hajafika bado, shemeji, au umechoka kungoja?" Mimi nilijificha nyuma ya tukul.

Taban akakiweka mkekani, hakumpa Baba mdogo mkononi. "Baba, hiki kimenifikia kabla ya kupita kwako. Siwezi kuanza nyumba kwa kitu ambacho mzee wa mke wangu hakijui."

Baba mdogo aliuliza tu, "Poni?" Taban akainamisha kichwa, hakunitaja. Ilibidi nitoke mwenyewe. Shangazi, niliona uso wa ndugu yako ukifungwa kama duka. Nilijua akisema neno moja, harusi imekwisha.

Alikitoa kwenye ala. Akamuuliza Taban huyo mtu wa picha ni nani. Taban akamweleza yote, theluji, treni, nta, na alipofika kwenye kamba ya mguu iliyokatika njiani, Baba mdogo akainua mkono anyamaze.

"Akala, viatu vya tairi," akasema. "Tulipokimbilia mpakani, akala za Poni huyu zilikatika kamba siku ya pili. Alikuwa na miaka minne. Kiden alikata mpira wa tairi kwa kisu hiki hiki, akatoboa tundu, akamvalisha, tukaendelea. Walioketi kungoja hatukuwaona tena."

Hukuwahi kuniambia. Miaka yote ile ya viazi, hukuniambia.

Baba mdogo alikirudisha kisu kwenye ala, wanawake wakaacha mchele. Kisha akasema, "Kwa mkono wangu sitakupa kisu, Taban. Lakini mama yetu alikuwa akimkatia mgeni nyama, nyama ikaenda na kisu chake kwenye sahani, na hakuna aliyesema amepewa silaha." Siku ya harusi akakata kipande cha kwanza cha ng'ombe, akakilaza kwenye sahani na kile kisu kando yake, akaisukuma mbele ya mume wangu. Taban akala. Kisu akakitia kwenye ala, akaifunga kiunoni yeye mwenyewe. Baba mdogo akatazama pembeni, akalalamika moshi unamwingia machoni. Moto ulikuwa upande wa pili wa ua.

Kwa hiyo, Shangazi, neno lako limefika kwa mwenyewe, na limepita mlango wa mbele. Nakuahidi nyumba hii haitakuwa na mlango mwingine. Nilichomficha mzee wangu kwa sababu ya mapenzi, mume wangu alikifichua kwa sababu hiyo hiyo, na nimeona ni nani kati yetu aliyependa vizuri zaidi. Nitajifunza kwake.

Pumzika sasa, mama yangu wa pili. Uliponishikilia, nilifika.

Wako,
Poni